Okidi za Kitulo: kiazi kinachochimbwa ndicho mmea wa mwakani

Chini ya Satyrium iliyochanua, mojawapo ya okidi (mimea ya maua) za Kitulo, mara nyingi utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa na ukikibonyeza kinabonyea: hicho kimelisha majani na maua ya msimu huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa. Hicho ni akiba ya mwakani. Mchimbaji hutupa cha kwanza, cha pili anakitia gunia. Basi mchimbaji akisema "nimekiacha kimoja, kitaota tena", kauli hiyo haina msingi. Kilichoachwa kimeshamaliza kazi.

Viazi vya okidi za Disa, Habenaria na Satyrium kutoka Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huvushwa kwenda Zambia, vikatwangwa na kupikwa na unga wa karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyo kwenye nyanda hizo na iliyoanzishwa mwaka 2005, kuchimba ni kosa. Na kwa kuwa okidi zote zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuzivusha mpakani kunahitaji kibali.

Kuotesha upya si rahisi. Mbegu ni laini kama vumbi na hazina chakula ndani. Zisipokutana na kuvu wa udongo anayezifaa, haziendelei. Kuhamishia mmea kwenye kopo nako hudanganya: unachanua kwa nguvu ya akiba, mwenyewe anadhani umekubali, kisha miaka inayofuata unadhoofu na kufa.

Kuzitambua hakuhitaji jembe. Tazama ua kwa karibu. Satyrium mdomo wake, yaani petali iliyo tofauti na nyingine, uko juu kama kofia, na nyuma yake inaning'inia mirija miwili myembamba ya nekta. Disa nayo ina kofia, ila mrija ni mmoja, unaotoka kwenye kofia yenyewe. Habenaria nayo ina mmoja, ila unaanzia kwenye mdomo, upande wa chini.

Moto wa kiangazi huvikuta viazi vimelala ardhini, na mara nyingi hupita bila kuvidhuru. Unaoumiza ni ule unaochelewa, mvua zikiwa zimeshaanza na machipukizi yametoka: majani yakiungua, kiazi kipya hakijazwi. Jembe la trekta ni baya zaidi, maana hupindua kila kitu.

Maua huonekana kati ya Desemba na Aprili. Ukifika mapema, Novemba, usitoke njiani. Machipukizi yana urefu wa kidole tu na hujificha kwenye nyasi.