Je, wajua kile kikaratasi wanachokupangusa nacho JKIA kinatafuta nini?

Uko JKIA, unaambiwa unyooshe mikono, unapanguswa viganja na kikaratasi, kinaingizwa kwa mashine, sekunde chache halafu unaambiwa haya enda. Hapo unapimwa baruti.

Sasa mtu atauliza, si mashine ingenusa tu hewa kama mbwa? Shida ni kwamba baruti za kijeshi kama RDX na PETN karibu hazitoi mvuke kabisa, na huo kidogo unaotoka unanasa kwa nguo na plastiki kabla haujafika mbali. Lakini vumbi lake ni sumbua sana, linang'ang'ania vidole, zipu, kibodi ya laptop, unanawa na bado chembe zimebaki. Ndio maana wanakupangusa.

Ndani, kikaratasi kinapashwa moto ghafla, chembe zinakuwa mvuke, mvuke unapewa chaji (mashine nyingi zimetumia nikeli 63, ndio, ile ya mionzi) halafu umeme unazivuta molekuli ndani ya kamrija kenye hewa. Ndogo zinapenya haraka na kubwa zinachelewa, kama bodaboda na lori kwa jam ya Mombasa Road, mashine inapima hizo milisekunde na kulinganisha na orodha yake. Wakati mwingine inakosea: dawa ya moyo ya nitrogliserini inaweza kuiamsha, hata mbolea ya CAN kama umetoka shamba, kwa hivyo ikilia usipaniki, unapimwa tena.

Baada ya ndege kulipuliwa Lockerbie, Uskoti, mwaka 1988, nchi zilikubaliana Montreal mwaka 1991 kwamba baruti ya plastiki iwekwe kemikali inayotoa mvuke kirahisi, ndio angalau hewa yenyewe iseme kitu.

Vijidudu vinavyoweza kutumiwa kama silaha, mfano kimeta, ndio kibarua kigumu zaidi kugundua. Marekani tangu 2003 wana mitambo mijini inayovuta hewa kupitia vichujio, lakini lazima vipelekwe maabara DNA isomwe, kwa hivyo majibu yanakuja saa nyingi baadaye, watu washavuta hewa wakaenda zao.

Na soja wa mall na kifimbo chake? Hicho ni cha chuma tu, baruti hakiijui. Afadhali hicho kinafanya kazi, kuna Mwingereza James McCormick aliyewauzia Iraq vifaa vya "kugundua mabomu" kwa mamilioni ya dola, mpini na antena basi, ndani hakuna kitu, na watu walikuwa wanavitegemea kwa vizuizi vya barabarani Baghdad. Alifungwa miaka 10 mwaka 2013.