Tope la Gazi, hewa ya Nairobi: kupima virutubisho vinavyotoka kwenye sakafu ya bahari

Mashapo, yaani tope la sakafu ya bahari, yakichimbwa Ghuba ya Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, asubuhi na kufika maabara ya Nairobi usiku, yamepanda takriban mita 1,700. Wengi hukumbuka kuyakinga na jua na mtikisiko wa barabarani, lakini shinikizo la hewa husahaulika, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu vipimo vya fosfati kuliko kosa lolote la kemia.

Majani ya mikoko, mwani na vinyesi vya wanyama vikioza ndani ya tope, virutubisho kama amonia, fosfati na siliketi hupanda hadi kwenye maji yaliyo juu yake. Nitrati mara nyingi huenda kinyume: tope huinywa, na bakteria huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni. Fosfati ina mlinzi wake, ule utando wa kahawia ulio juu kabisa ya tope, ambao ni kutu ya chuma. Kukiwa na oksijeni, kutu huishika fosfati isitoke. Oksijeni ikiisha, kutu huyeyuka na fosfati yote iliyohifadhiwa humwagika majini kwa mkupuo. Kwa hiyo anayepima fosfati bila kuchunga oksijeni anapima hali aliyoizua mwenyewe.

Maji ya bahari yenye nyuzi 27 na chumvi ya kawaida, yakipulizwa hewa pale Gazi, hubeba karibu miligramu 6.5 za oksijeni kwa lita. Yapulize hewa ya Nairobi, yenye shinikizo la karibu hektopaskali 830 badala ya 1,013, utapata 5.3 tu, hata pampu ikikesha. Ongeza oksijeni safi kidogo kidogo kutoka kwenye mtungi mpaka ufikie kiwango ulichokipima baharini. Kipima oksijeni nacho kitakudanganya usipokiingizia shinikizo halisi la chumba. Usichukue namba ya utabiri wa hali ya hewa, kwa kuwa ile huwa imeshasahihishwa kuwa kana kwamba Nairobi iko ufukweni. Ukiwa na shaka, pima kwa njia ya Winkler, inayopima oksijeni kwa kemikali; haijali mwinuko.

Mapovu ni shida nyingine. Gesi iliyonaswa ndani ya tope hutanuka kwa takriban moja ya tano njiani, ikapasua utando ule na kufungua vijia ambavyo baharini havikuwepo. Mrija uliobeba tope lenye mipasuko uache, usijaribu kuurekebisha. Ushauri wangu ni kufanya jaribio zima pwani, kisha upandishe Nairobi chupa za sampuli zilizogandishwa. Kama hakuna budi ila kufanyia huku, endelea hivi.

Tumia mirija ya akriliki (plastiki ngumu) inayoonyesha ndani, kipenyo cha ndani sentimita 9, urefu 50. Mashapo yajae sentimita 20 hivi, na maji ya palepale sentimita 20 juu yake. Chukua angalau mirija mitatu ya tope, na mmoja wa maji matupu, maana maji yenyewe yana bakteria wanaobadilisha namba. Izamishe yote kwenye beseni lenye hita ya nyuzi zilezile za baharini. Usiku wa Julai Nairobi hupoza tope kiasi cha kuwalegeza bakteria. Iache wazi usiku kucha, gizani, hewa ikipita.

Asubuhi ziba vifuniko vikigusa maji, bila kubakiza hata povu moja. Sumaku ya kukorogea izunguke polepole, kama mara 60 kwa dakika: maji yatembee, tope lisitibuke. Ukiona ukungu, punguza. Toa mililita 50 mwanzoni, halafu kila saa mbili hadi saa nane zitimie, na kila unapotoa uingize maji ya bahari ya akiba ya kiasi kilekile. Kila badiliko hilo huzimua maji kwa karibu asilimia 4, kwa hiyo lisahihishe kwenye hesabu. Oksijeni ikishuka zaidi ya robo, simamisha hata kama saa hazijatimia.

Chuja papo hapo kwa chujio la mikromita 0.45. Sampuli za amonia, nitrati na fosfati zigandishe. Ya siliketi iweke kwenye friji tu, ndani ya chupa ya plastiki: ikigandishwa sehemu yake hujifunga na haisomeki vizuri, na kioo huachia siliketi yake. Chupa zioshwe kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, kamwe si kwa sabuni yenye fosfati. Moshi wa sigara na dawa ya sakafu yenye amonia visikaribie chumba hicho.

Hesabu ni fupi (mikromoli ni kipimo cha kiasi cha kemikali; elfu moja hufanya milimoli moja). Amonia ikipanda kutoka mikromoli 2 hadi 6 kwa lita ndani ya saa 8, kasi ni 0.5 kwa saa, sawa na milimoli 0.5 kwa mita ya ujazo. Toa kasi ya mrija wa maji matupu, kisha zidisha kwa kimo cha maji, mita 0.20. Kama mrija huo haukubadilika, utapata milimoli 0.1 kwa mita ya mraba kwa saa, yaani 2.4 kwa siku. Chora nukta zote tano kwanza; mstari ukijipinda kuelekea mwisho, tumia sehemu iliyonyooka peke yake.

Mwishowe pitisha tope la kila mrija kwenye chekecheo la milimita 0.5. Mrija uliotoa amonia maradufu ya wenzake mara nyingi huwa na kaa au mnyoo aliyefia ndani.