Je, wajua kwa nini kutafakari humsaidia mvutaji kupunguza sigara?

Mwaka 2013 Yi-Yuan Tang wa Chuo Kikuu cha Texas Tech na Michael Posner wa Chuo Kikuu cha Oregon, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti ambao hadi leo unaniacha na maswali mazuri. Waliwaita wanafunzi waliotaka kujifunza namna ya kupunguza msongo wa mawazo. Hawakuwaambia lolote kuhusu kuacha sigara. Kati ya waliojitokeza, 27 walikuwa wavutaji. Baadhi yao wakafundishwa kutafakari, wengine wakafundishwa kulegeza misuli tu, kila kundi masaa 5 kwa jumla ndani ya wiki 2.

Mafunzo yalipokwisha, pumzi zao zilipimwa ili kujua kiasi cha kaboni monoksidi, gesi ambayo hujaa zaidi kwa anayevuta. Waliofundishwa kutafakari walikuwa wamepunguza uvutaji kwa asilimia 60. Waliolegeza misuli walibaki pale pale. Na wengi wa waliopunguza hawakuwa na habari, mpaka walipoonyeshwa kipimo.

Inawezekanaje mtu akapunguza sigara bila hata kukusudia, wakati wapo wanaoapa kila mwaka kwamba wanaacha na wanashindwa?

Tuanze na kinachomfunga mvutaji. Akipiga pafu moja, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko husababisha kutolewa kwa dopamini, kemikali inayouambia ubongo: hili ni la maana, lirudiwe. Baada ya kama saa 2, nusu ya nikotini iliyokuwa kwenye damu imeshaondoka, na arosto inaanza kubisha hodi: wasiwasi, hasira za haraka, akili kutotulia. Akiwasha nyingine anapata nafuu, naye anaamini kwamba sigara ndiyo inayomtuliza. Kumbe sehemu kubwa ya kinachotulizwa ni arosto iliyoletwa na sigara ya kabla yake. Inasikitisha kuona watu wakivuta ili kuondoa msongo ambao uvutaji wenyewe unauongeza.

Kemikali peke yake, hata hivyo, ingekuwa rahisi kuishinda. Kwa anayeacha, arosto huwa kali zaidi siku chache za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Kinachobaki muda mrefu zaidi ni mazoea. Ubongo umeshaunganisha sigara na kikombe cha kahawa, na kumaliza kula, na simu yenye habari mbaya, na kusubiri. Mkono unaingia mfukoni kabla mwenye mkono hajaamua lolote. Waulize wavutaji wa miaka mingi: sigara nyingi za siku hawakumbuki hata kuziwasha.

Hapo ndipo kutafakari kunapoingia. Zoezi lenyewe halina maajabu. Unakaa, unaelekeza akili kwenye pumzi inavyoingia na kutoka. Baada ya muda mfupi akili imeshakimbilia kwenye madeni au maneno ya jana. Unagundua imeondoka, unairudisha bila kujilaumu. Inaondoka tena, unairudisha tena. Wengi hudhani wameshindwa kwa sababu akili inatangatanga, na hapo ndipo wanapokosea, maana zoezi ni kule kugundua na kurudisha. Ni kazi ileile anayotakiwa kuifanya mvutaji mkono unapoelekea mfukoni: kuona kinachotokea kabla hakijakamilika.

Picha za ubongo katika utafiti wa Tang na Posner zinaelekea huko. Kabla ya mafunzo, wavutaji walionyesha utendaji mdogo katika maeneo ya mbele ya ubongo yanayohusika na kujidhibiti, kuliko wasiovuta. Baada ya wiki 2 za kutafakari, utendaji katika maeneo hayo uliongezeka.

Kuna sehemu nyingine ya ubongo inayoitwa insula, ambayo kazi yake mojawapo ni kutuletea habari za mwili kutoka ndani: njaa, moyo kwenda mbio, kifua kubana. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza habari za wavutaji waliopata majeraha ya ubongo. Walioumia insula walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha sigara papo hapo, kwa urahisi, bila kuirudia. Mmoja wao alisema kwamba mwili wake ulisahau hamu ya kuvuta. Kwa hiyo hamu ya sigara si wazo tu, inakaa mwilini. Na kitu kinachokaa mwilini kinaweza kuchunguzwa.

Ndivyo mvutaji anavyofundishwa. Hamu inapokuja hapigani nayo wala hajisahaulishi. Anaisaka: iko wapi? Kooni kumekauka? Mabega yamepanda? Mate yanajaa mdomoni, vidole havitulii? Anaitaja kimoyomoyo: kubana, joto, haraka. Anaendelea kupumua huku akiangalia inavyobadilika. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington aliifananisha hamu na wimbi: linapanda, linafika kileleni, linavunjika lenyewe, na mtu anaweza kupanda juu yake badala ya kuzama. Kwa kawaida dakika chache zinatosha. Mvutaji mzoefu hajawahi kuliona likivunjika, kwa kuwa kila mara anawasha sigara likiwa bado linapanda.

Marlatt na mwenzake Sarah Bowen waliijaribu mbinu hiyo kwa wanafunzi 123 waliokuwa wakivuta, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Ndani ya siku 7, waliofundishwa walivuta sigara chache kuliko wenzao. Lakini hamu yao haikutofautiana sana na ya wenzao. Kwangu mimi hili ndilo jibu la swali letu. Hamu ilikuja kama kawaida, ila haikutiiwa kama zamani.

Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walikwenda mbali zaidi, kwa wavutaji 88 waliotaka kuacha kabisa. Wiki 17 tangu kuanza, asilimia 31 ya waliofundishwa kutafakari walikuwa hawavuti, dhidi ya asilimia 6 ya waliofuata programu ya kawaida ya kuacha sigara. Brewer pia huwaambia wavutaji wavute, ila kwa makini: wasikie harufu, ladha ulimini, moshi unavyokwaruza koo. Wengi hugundua kwamba kitu walichokililia miaka yote hakina hata utamu.

Sasa tusidanganyane. Utafiti wa 2013 ulikuwa mdogo. Mwaka 2022 mtandao wa Cochrane, wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulipitia tafiti 21 zenye watu zaidi ya 8,000, na haukupata ushahidi wa wazi kwamba mafunzo haya yanawafanya watu waache sigara kuliko misaada mingine. Hata programu ya simu ya Brewer mwenyewe, ilipojaribiwa, haikuongeza idadi ya walioacha. Ilichofanya ni kulegeza uhusiano kati ya hamu na kuvuta, jambo linalokubaliana na matokeo ya Marlatt, lakini kulegeza si kukata.

Kwa hiyo simshauri mtu atupe dawa akakae kupumua. Plasta na bazoka za kutafuna zenye nikotini, na dawa kama vareniklini, zimethibitishwa kuongeza nafasi ya kuacha, na ushauri wa mtaalamu huongeza zaidi. Dawa inashughulika na arosto. Kutafakari kunashughulika na ule mkono unaoingia mfukoni bila ruhusa. Anayetaka kujaribu aanze na dakika 10 kwa siku, wiki mbili hivi kabla ya tarehe aliyojiwekea, ili siku hamu itakapokuja kwa nguvu asiwe ndiyo kwanza anajifunza. Na akiteleza akavuta moja, aivute kwa makini kama Brewer anavyofundisha, kisha aendelee na zoezi siku hiyohiyo.