Hatari ya Pili: Maandalizi Yanayosahauliwa Nyumbani, Nje na Katika Hali Mbaya ya Hewa

Watu wanaponiomba ushauri kuhusu maandalizi ya dharura, mara nyingi huja na orodha ya vitu vya kununua, na orodha hiyo karibu kila mara huanza na chakula. Hofu ya njaa inaeleweka, lakini mtu mzima mwenye afya aweza kukaa wiki kadhaa bila kula, ilhali bila maji hadumu zaidi ya siku chache, na akikosa hewa safi dakika chache zinatosha kuukatisha uhai wake. Kwa hiyo orodha ipangwe kwa kufuata mahitaji ya mwili. Hata hivyo, orodha iliyopangwa vizuri bado haigusi jambo ambalo mimi, kama mkufunzi wa utayari na huduma ya kwanza, naliweka mbele ya mengine yote: watu wengi hawadhuriwi na tufani, joto au giza lenyewe, bali na uamuzi wanaoufanya saa chache baadaye wakitafuta nafuu. Hiyo ndiyo ninayoiita hatari ya pili, na ndiyo iliyo rahisi zaidi kuizuia, mradi uamuzi ufanywe kabla ya siku yenyewe.

Chukua mfano wa umeme kukatika wakati wa dhoruba. Jenereta ipo na mafuta yapo, lakini mvua inanyesha, waya wa kuunganishia ni mfupi, na mwenye nyumba hataki mashine yake ilowe. Anaisogeza barazani, chini ya dirisha la chumba cha kulala, kisha anaingia ndani akiwa ameridhika kwamba taa zinawaka. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na kwa kuwa zinafanana na za mafua, wengi huamua kujilaza kidogo. Watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakipata nafuu wanapotoka nje, hilo si la kusubiri: kila mtu atoke, kisha msaada uitwe.

Kwa sababu hiyo, kununua jenereta ni nusu tu ya maandalizi. Nusu nyingine ni waya mrefu unaostahimili matumizi ya nje, pamoja na kibanda kidogo kilicho wazi pande zote, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekezwa mbali na milango na madirisha. Kufungua mlango wa gereji hakutoshi. Jiko la mkaa nalo huwadanganya watu kwa namna yake, maana makaa yakishakuwa mekundu moshi hutoweka na chumba huonekana salama, kumbe gesi ingali inatoka. Kifaa cha kutambua gesi hii kinachotumia betri ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo ningevinunua kabla hata ya tochi ya pili.

Jokofu halihitaji maelezo marefu. Mlango ukiachwa umefungwa, ubaridi hudumu kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa huweza kufika saa 48, au 24 ikiwa imejaa nusu. Nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa ambavyo vimekaa zaidi ya saa 2 katika joto linalozidi nyuzi 4 za Selsiasi vitupwe, na mtu asivionje ili kujihakikishia, kwa kuwa vijidudu vingi vinavyosababisha maradhi havibadilishi ladha wala harufu.

Kuhusu maji, kipimo kinachotumika sana ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa muda usiopungua siku 3, nami hupendekeza wiki mbili kwa mwenye nafasi ya kuyahifadhi. Akiba ikiisha, hasa baada ya mafuriko, maji yoyote yahesabiwe kuwa machafu hata yakionekana maangavu. Kuyachemsha hadi yatokote kwa dakika 1 kunatosha, au dakika 3 kwa wanaoishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Pasipo moto, klorini ya maji ya kung'arishia nguo, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6 na isiyotiwa manukato, hutumika kwa matone 2 katika kila lita ya maji maangavu, kisha maji yakaachwa kwa dakika 30. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, na matone yaongezwe yawe 4. Chupa ya klorini hupoteza nguvu kadiri inavyokaa, kwa hiyo tarehe ya kuinunua iandikwe juu yake. Nasisitiza kwamba si klorini wala kuchemsha kunakoondoa petroli au dawa za kuulia wadudu. Maji yenye harufu ya vitu hivyo hayatengenezeki kwa njia za nyumbani.

Mafuriko yenyewe yana hatari ya pili iliyo dhahiri, nayo ni haraka ya kufika nyumbani. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kulielesha gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, yakiwemo makubwa ambayo madereva wake hujiamini zaidi. Dereva hukadiria kina kwa kutazama uso wa maji, lakini hawezi kujua kama barabara iliyo chini bado ipo. Ndiyo maana familia inapaswa kukubaliana mapema mahali ambapo kila mmoja anaruhusiwa kulala endapo njia imefunikwa, ili asiyefika asihisi kwamba amewavunja moyo wanaomsubiri. Umeme wa nyumba nao uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia. Aliyekwisha kusimama majini asiiguse.

Joto kali halina kelele, na pengine ndiyo sababu watu hulidharau. Mnamo Julai 1995 wimbi la joto liliua zaidi ya watu 700 katika jiji la Chicago, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao, na joto la Ulaya la mwaka 2003 lilihusishwa na vifo zaidi ya 70,000. Mwili hujipoza hasa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki ndani. Hewa ikizidi nyuzi 40, feni huupulizia mwili joto badala ya kuupoza, ingawa mwenye feni huhisi kwamba amechukua hatua. Mtu ambaye joto la mwili wake limefika nyuzi 40, na ambaye ameanza kuchanganyikiwa au kuzirai, anahitaji kupozwa palepale kwa maji mengi ya baridi wakati usafiri unatafutwa, si baada ya kufikishwa hospitalini. Kwa maoni yangu, maandalizi bora ya joto ni karatasi yenye majina ya majirani wazee na wagonjwa, na ya mtu atakayewagongea mlango mara mbili kwa siku.

Nje ya nyumba, baridi huua hata mahali ambapo maji hayagandi. Aliyelowa kwa mvua na kupigwa na upepo anaweza kushuka chini ya nyuzi 35 za joto la mwili katika hali ya hewa ambayo asubuhi ilionekana ya kawaida. Tazama vidole vyake: anajaribu kufunga zipu ya koti, anaikosa, anajaribu tena, kisha anaiacha wazi na kusema hajambo. Maneno yake yanaanza kuburuta, na miguu inajikwaa pasipo na kitu. Huyo asiulizwe kama anajisikia vizuri, kwa kuwa uwezo wake wa kujipima ndio uliotangulia kupungua; avuliwe nguo mbichi, avishwe kavu na kukingwa na upepo. Nguo za pamba zikilowa hazihifadhi joto, tofauti na sufu, na nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki ina thamani kuliko vifaa vingi vya kambini.

Radi inahesabiwa kwa masikio. Sauti husafiri kilomita 1 kwa takriban sekunde 3, hivyo ngurumo inayofuata mwako kabla ya sekunde 30 ina maana kwamba radi iko ndani ya kilomita 10, na mtu anapaswa kuwa tayari ndani ya jengo imara au gari la bati lililofungwa. Mti si kimbilio. Wengi hutoka mvua inapokatika, ilhali wanatakiwa kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepotea naye huzidi kupotea kwa kutembea. Kabla ya safari, aachie mtu njia atakayopita, saa ya kurudi, na saa ambayo taarifa itolewe asipoonekana. Akishapotea, akae mahali pamoja na kupuliza filimbi mara tatu kwa vipindi.

Maamuzi haya yote hujaribiwa kwa kuzima swichi kuu jioni moja, bila kuwatangazia watu wa nyumbani. Familia nyingi hugundua kwamba tochi ipo lakini betri zimevuja, kwamba hakuna anayekumbuka namba ya simu ya mwenzake kwa kichwa, na kwamba dawa ya mgonjwa iliyobaki ni ya siku mbili. Zoezi lirudiwe kila mtoto anapozaliwa, mzee anapohamia, au daktari anapobadilisha dawa.