Kuhani si mwenye ardhi ya hekalu

Wengi hudhani kwamba ardhi ya hekalu la Kihindu nchini India ni mali ya makuhani, au ya serikali pale inaposimamia hekalu, kwa hiyo wakiamua kuuza wanauza. Sivyo. Mwenye mali ni mungu mwenyewe anayeabudiwa humo. Sheria ya India inamtambua kama mtu wa kisheria: anamiliki, anashtaki, anashtakiwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya jimbo la Madhya Pradesh, ilisema kuhani anashika ardhi kwa ajili ya kuisimamia tu, na safu ya mmiliki kwenye daftari la ardhi iandikwe jina la mungu.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba mungu huyo huchukuliwa kama mtoto asiyefikia utu uzima, tena daima. Msimamizi basi ni kama mlezi wa yatima: hauzi mpaka aonyeshe haja au faida ya hekalu. Katika jimbo la Tamil Nadu, sheria ya mwaka 1959 inabatilisha mauzo yasiyo na kibali cha kamishna wa serikali anayesimamia mahekalu, naye lazima kwanza atangaze na kusikiliza pingamizi. Muumini wa kawaida pia anaweza kwenda mahakamani kumtetea mungu wake.

Anayejua wakfu hatashangaa sana. Lakini si kwamba ardhi hiyo haiuziki kabisa. Haja ikithibitishwa na kibali kikatoka, inauzwa.