Utafiti wa kuombea udaktari si lazima uwe wa panya na maabara

Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza Marekani wanaolenga udaktari huamini kwamba utafiti unaohesabika ni wa maabara tu: koti jeupe, panya, na jina lako kwenye makala iliyochapishwa. Si kweli. Vyuo vya udaktari huko havidai hata shahada yako ya kwanza iwe ya baiolojia, ilimradi umalize masomo ya sayansi yanayotakiwa. Kuwahoji wagonjwa wa kisukari kwa nini wanaacha dawa ni utafiti. Kuchambua kumbukumbu za kale za hospitali pia ni utafiti.

Tazama fomu yenyewe ya maombi. AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya MD (shahada ya udaktari wa tiba), inakupa nafasi 15 za shughuli, kila moja herufi 700 tu. Tatu ulizozithamini zaidi zinaongezewa herufi 1,325. Sasa, aliyeosha vyombo vya maabara miaka miwili bila kujua swali lililokuwa likitafutiwa jibu ataandika nini hapo? Na kwenye usaili ataulizwa hilo hilo swali.

Wanaoomba MD-PhD, yaani udaktari wa tiba pamoja na shahada ya uzamivu ya utafiti, hao ni habari nyingine. Kwao utafiti wa kina ni lazima, na wanauandikia insha ya pekee.

Kwa hiyo kabla ya kukubali nafasi ya utafiti, uliza nani atakufundisha kazi na utakutana na msimamizi mara ngapi. Profesa mwenye jina kubwa asiyekujua kwa sura atakuandikia barua ya mapendekezo iliyo baridi, kama ataiandika mwenyewe.