"Wade": mwendo wa miguu ndani ya maji

Maji yakikufika kwenye kifundo cha mguu, bado unatembea kama kawaida: unanyanyua mguu, unautoa nje, unautua. Yakifika magotini mambo yanabadilika. Mguu hautoki tena juu ya maji. Unausukuma mbele, maji nayo yanausukuma nyuma, na kabla hujauegemea lazima unyayo upapase kwanza, ujue chini kuna mchanga, tope au jiwe lenye utelezi. Mikono imepanda hewani, nguo zimekunjwa, kiuno kinayumba. Mwendo huo Kiingereza kimeupa kitenzi chake: "wade".

Hutamkwa "weid", sawasawa na "weighed", yaani "alipima uzito", kwa hiyo kwa sikio huwezi kuyatofautisha; muktadha ndio unaoamua. Kwa wakati uliopita ni "waded", hakuna vituko. Kazi ipo kwenye tafsiri. Sisi husema "kuvuka mto kwa miguu", "kutembea majini", "kupita kwenye maji". Si makosa, ila kila moja inaacha kitu nyuma. "Kuvuka" kunadai ng'ambo, ilhali anaye-"wade" anaweza kuzungukazunguka ziwani na kurudi alikotoka. "Kutembea" nako ni kwepesi mno. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na huko kuzuiliwa ndiko kiini cha neno. Ndiyo maana linafaa pia kwa tope, theluji na nyasi ndefu, chochote kinachokamata miguu. Sharti lake ni nyayo ziguse chini. Zikishaachia, unaogelea au unazama, na hapo tafuta kitenzi kingine.

Mtoto anayevua viatu na kuchezacheza ufukweni, maji ya kifundoni, Mwingereza atasema ana-"paddle", neno lilelile la kupiga kasia. Mmarekani hana shida kumwambia huyo naye ana-"wade". Bwawa dogo la watoto basi lina majina mawili: "paddling pool" Uingereza, "wading pool" Marekani.

Ukishauelewa ule uzito wa maji, matumizi ya mafumbo hayakupi taabu. Mtu akikuambia ali-"read" ripoti ya kurasa 300, amekupa habari. Akisema ali-"wade through" ripoti hiyo, amelalamika: ilikuwa nzito, imejaa maneno, na alitamani kuiacha njiani. Mimi hapo ningeandika "nilijikokota mpaka ukurasa wa mwisho". "Nilipitia" haifai hata kidogo, maana kupitia ni jambo la harakaharaka.

"Wade in" na "wade into" zina sura tofauti. Watu wanabishana, mwingine anaingia katikati kwa kishindo bila kuuliza kisa kilianzaje. Msemaji anayechagua neno hili mara nyingi anamnyooshea kidole kidogo huyo mwingiliaji. Kiswahili tunalo "kujitosa", na kwa bahati nzuri nalo limetoka majini, kwa kuwa kutosa ni kutumbukiza kitu kwenye maji. Tofauti ni kwamba aliyejitosa ameruka mzima mzima, ilhali wa Kiingereza ameingia kwa hatua, kifua mbele. Kwenye tafsiri ya habari au hadithi, tofauti hiyo haimkoseshi mtu usingizi.

Jambo la kushangaza ni kwamba zamani neno hili halikuwa na maji ndani yake. Katika Kiingereza cha kale "wadan" ilikuwa kwenda tu, kusonga mbele. Maji yalikuja kulishika baadaye. Lina undugu na kitenzi cha Kilatini "vadere", kwenda, kilichozaa "invade", kuvamia, na "evade", kukwepa. Waholanzi wanalo "waden", na matope ya pwani yao yanayoachwa wazi maji yakipwa huyaita "wad". Ndiyo asili ya jina Wadden, bahari yenye kina kifupi inayopakana na Uholanzi, Ujerumani na Denmark. Huko watu huvuka kwa miguu mpaka visiwani wakati wa maji kupwa, wakiongozwa na wenyeji wanaozijua saa za maji kujaa.

Kutokana na kitenzi hiki tunapata "wader", na hapo tena bahari ya Atlantiki inagawa watu. Kwa Waingereza ni ndege wadogo wa ufukweni, jamii ya kitwitwi. Kwa Wamarekani "wading birds" ni warefu wa miguu, akina kulastara na korongo. Ukikuta "waders" kwenye duka la vifaa vya uvuvi, usitafute ndege. Ni viatu vilivyoungana na suruali isiyopitisha maji, nyingine zikipanda mpaka kifuani, na mvuvi mzoefu hufunga mkanda juu yake kiunoni ili akiteleza maji yasimjae miguuni.